Tuzo za Uandishi wa Habari na Kauli ya Mtu wa Tumati

Katika magazeti ya Kiswahili ya Tanzania kuna mtu mmoja ambaye husema kila mahali. Jina lake hubadilika, umri wake hubadilika, na kijiji chake hubadilika, lakini kauli yake ni ile ile: anaiomba serikali imwangalie kwa jicho la huruma, anasema kuwa kilio cha wananchi ni cha muda mrefu, na kwa niaba ya wenzake anawashukuru wafadhili kwa kuliona hilo. Mtu huyo huweza kuwa mvuvi wa Mafia, mchimbaji mdogo wa Geita au mkulima wa maharage wa Tumati, katika eneo la Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Tofauti iliyopo ni kwamba mvuvi wa Mafia alizungumza na mwandishi kwa Kiswahili, japo si kwa Kiswahili hicho cha ofisini. Yule wa Tumati, hasa akiwa ni mzee aliyekwisha kupita umri wa miaka 60, huenda hakutamka hata neno moja kati ya hayo aliyowekewa ndani ya alama za kunukuu. Alisema kwa Kiiraqw.

Jambo hili linastahili kuhusishwa na tuzo za uandishi wa habari, kwa kuwa tuzo ndizo zinazomwonyesha mwandishi chipukizi ni kazi ya namna gani inayohesabiwa kuwa bora. Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania, zinazofahamika zaidi kwa kifupisho cha EJAT, zilianzishwa mwaka 2009 chini ya uratibu wa Baraza la Habari Tanzania, ambalo ni chombo cha hiari cha wanahabari kujisimamia wenyewe kilichoundwa mwaka 1995. Tangu hapo zimekuwa tukio kubwa katika kalenda ya tasnia, na hakuna shaka kwamba zimeinua ari. Mwandishi wa mkoani aliyezoea kuona habari yake ikikatwa aya nne za mwisho amepata sababu ya kukaa siku mbili zaidi kijijini.

Hata hivyo, muundo wa tuzo hizo unafaa kutazamwa kwa makini. Makundi yake mengi yamegawanywa kwa maudhui: afya, elimu, kilimo, mazingira, uchumi na biashara, haki za binadamu, utalii na uhifadhi, na mengineyo ya aina hiyo. Mgawanyo wa namna hii unafanana na mgawanyo wa wizara na wa miradi ya maendeleo, na si ajabu, maana taasisi nyingi zinazoshirikiana na Baraza katika kuziendesha tuzo hizi zinafanya kazi katika nyanja hizo hizo. Matokeo yake ni kwamba Tumati huingia katika mashindano ikiwa imekwisha kukatwa vipande. Uhaba wa maji wa Tumati ni mazingira, bei ya maharage ni kilimo, mama mjamzito asiyefika hospitalini ni afya. Mahali penyewe, pamoja na lugha inayounganisha mambo hayo vinywani mwa watu wake, hapana kundi.

Katika upande wa lugha, EJAT zina sifa moja ambayo haina budi kutajwa. Kazi ya Kiswahili husimama mbele ya majaji sawa na ya Kiingereza. Tuzo ya CNN ya Mwandishi Bora wa Afrika, iliyoanza mwaka 1995 na ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko zote barani, ilikuwa na makundi maalumu ya Kifaransa na ya Kireno bila ya kuwa na la Kiswahili. Kwa hiyo Dar es Salaam iko mbele ya Atlanta katika jambo hili. Lakini kuipa lugha ya taifa kiti chake ni hatua ya kwanza tu katika nchi ambayo Kiswahili chenyewe, mahali pengi, ni lugha ya tafsiri.

Wilaya ya Mbulu ni mojawapo ya sehemu chache sana za Afrika ambamo familia zote nne kuu zilizotambuliwa na Greenberg zina wasemaji wanaoishi jirani: Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatooga wenye lugha ya Kiniloti, Wahadzabe wa Yaeda ambao lugha yao yenye vidoko iliwekwa katika kundi la Khoisan, na Wabantu wa makabila mbalimbali. Wanaisimu wamelifaidi eneo hili. Magazeti hayajalifaidi. Kwanza, hata majina ya watu hawa hayakutulia. Wairaqw huitwa Wambulu, kwa jina la mji na wilaya. Wadatooga huandikwa Wamang'ati, jina lililotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui, na ambalo msomaji wa Kiswahili hulisoma katika habari za wizi wa mifugo bila ya kufahamu kuwa taarifa hiyo imekwisha kutoa hukumu kabla ya sentensi ya pili. Mwandishi aliyelitumia jina hilo huenda hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alilikuta katika Kiswahili, akalitumia.

Mfano wa maji unaonyesha ugumu huu vizuri zaidi. Mwandishi anafika sehemu za Mbulu kuandika makala ya mazingira kuhusu chemchemi inayokauka. Mzee anamweleza kwa Kiiraqw kwamba mahali hapo ni pa netlangw, na kwamba baada ya miti kukatwa na ng'ombe kuruhusiwa kuingia, mambo yameharibika. Katika imani ya Wairaqw netlangw ni nguvu hai inayokaa katika chemchemi, vijito na mito. Huogopwa, na watu huwa na adabu maalumu mbele ya makao yake. Mwandishi ana maneno mangapi ya Kiswahili ya kuchagua? Akiandika "shetani", amemfanya mzee kuwa mshirikina na chemchemi kuwa mahali pa uovu. Akiandika "jini", ameileta Pwani Mbulu, na pamoja nayo amewaleta waganga, ubani na hadithi zote ambazo mzee huyo hazijui. Akiandika "mzimu", amemwambia msomaji kuwa hapo pamezikwa mtu, jambo ambalo si kweli. Na akiamua kuliacha neno lenyewe, mhariri wa Dar es Salaam, ambaye ana safu yenye maneno 600, atalifuta. Kinachobaki mara nyingi ni sentensi inayosema kuwa baadhi ya wananchi bado wanaamini imani potofu, ikifuatiwa na kauli ya ofisa wa wilaya kuhusu umuhimu wa elimu ya uhifadhi. Hivyo mtu aliyekuwa akieleza kanuni ya kuhifadhi chanzo cha maji amegeuzwa kuwa mfano wa ujinga unaokiharibu. Makala ya namna hiyo inaweza kuwa na sarufi safi, takwimu sahihi na picha nzuri, na jaji mwadilifu kabisa akaipa alama za juu.

Neno la pili ni aya. Msomaji wa Kiswahili akiliona atadhani linazungumziwa fungu la maandishi au sehemu ya sura ya Kurani, na bila shaka hiyo ni sababu mojawapo ya wahariri kulikwepa. Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Wairaqw, aliieleza aya kuwa eneo la nchi ambalo mipaka yake inatambuliwa na kuthibitishwa kwa matambiko, na ambalo wakazi wake wana wajibu wa pamoja juu yake. Hiyo si kata wala si kijiji cha kiserikali. Utafiti wa Yusufu Lawi uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu Operesheni Vijiji katika sehemu ya mashariki ya nchi ya Wairaqw kati ya mwaka 1974 na 1976, umeonyesha jinsi uhamishaji ule ulivyougusa uhusiano wa watu na mandhari waliyoyazoea. Sasa, mtu akisema kuwa aya yao imevunjwa, naye akaandikwa kuwa amelalamikia mipaka ya kijiji, dai lake limeshushwa kutoka katika historia hadi katika ramani ya halmashauri. Anaweza kujibiwa na mpima ardhi, na suala likahesabiwa kuwa limekwisha.

Kwamba mambo haya si ya wanaisimu peke yao linathibitishwa na kesi ya Mulbadaw, huko Hanang. Shirika la NAFCO, katika mradi wa ngano uliosaidiwa na Kanada, lilichukua ardhi ambayo Wabarabaig waliitumia kwa malisho na makazi. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wakazi kadhaa walishtaki, wakashinda katika Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mojawapo ya hoja zilizoamua rufani ilikuwa kama wadai walithibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana iliyokusudiwa na sheria. Maana ya neno moja, lililoandikwa katika lugha ambayo wadai wengi hawakuwa wakiizungumza nyumbani, iliingia katika mizani pamoja na ekari za ardhi. Mwandishi wa habari anayefika katika eneo lenye kumbukumbu ya namna hiyo na kutafsiri kwa kukisia hafanyi kosa dogo la mtindo.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi waziwazi inavyopasa, nalo ni suala la mkalimani. Mwandishi kutoka Babati, Arusha au Dar es Salaam asiyejua Kiiraqw hutafsiriwa na mtu aliyepo. Mtu aliyepo huweza kuwa mtendaji wa kijiji, mwalimu, diwani au ofisa wa mradi aliyempakia garini. Hao ni watu wanaojua Kiswahili vizuri, tena ndio wenye muda. Lakini ndio hao hao ambao mara nyingine malalamiko yanawahusu. Mwanamke anayesema kuwa michango ya mradi wa maji haijulikani ilikokwenda, akiwa anatafsiriwa na mtu aliyeikusanya, atachapishwa akisema kuwa anaiomba serikali imwangalie kwa jicho la huruma. Ile kauli ya mtu anayesema kila mahali haitokani na uvivu wa mwandishi peke yake. Kwa sehemu kubwa ni Kiswahili cha mkalimani mwenye cheo.

Ni vyema hapa kutazama tuzo ambayo dunia nzima huitolea mfano. Joseph Pulitzer, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1847 na kufika Marekani akiwa kijana, aliianza kazi ya uandishi katika gazeti la Kijerumani la Westliche Post mjini St. Louis. Alifanya kazi katika lugha ya wahamiaji kabla ya kumiliki magazeti ya Kiingereza. Aliacha fedha kwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na baada ya kifo chake mwaka 1911 chuo hicho kilifungua shule ya uandishi wa habari mwaka 1912 na kuanza kutoa tuzo zenye jina lake mwaka 1917. Kwa hiyo tangu mwanzo tuzo hizo zimekuwa mikononi mwa chuo kikuu. Hilo halikuzikinga na aibu. Mwaka 1981 Janet Cooke wa The Washington Post alitunukiwa kwa makala kuhusu mtoto wa miaka minane aliyekuwa akidungwa heroini. Siku mbili baadaye tuzo ilirudishwa, kwa kuwa mtoto huyo hakuwapo duniani. Linaloshangaza ni namna alivyogunduliwa. Majaji waliisoma makala wakaikubali. Ni maelezo ya maisha yake mwenyewe, pamoja na shahada na lugha alizodai kuzijua, yaliyoonekana kuwa na walakini baada ya kutangazwa. Maandishi yenyewe hayakumsaliti, kwa sababu maandishi mazuri hayana namna ya kusema kama mtu anayenukuliwa yupo.

Itakuwa ni kutia chumvi kumlinganisha na Cooke mwandishi anayefanya kazi Mbulu. Cooke alimtunga mtu. Huyu anamkuta mtu halisi, mwenye jina na shamba, kisha anampa maneno ambayo hakuyasema. Lakini mbele ya jaji hali hizo mbili zinafanana katika jambo moja: kilichowasilishwa ni maandishi tu, na kosa, kama lipo, lilitendeka kabla ya maandishi.

Kutoka katika tuzo hizo hizo za Marekani kuna mfano mwingine ambao haujulikani sana Afrika ya Mashariki. Mwaka 2017 tuzo ya Pulitzer ya tahariri ilikwenda kwa Art Cullen wa The Storm Lake Times, gazeti la familia lililokuwa likitoka mara mbili kwa juma katika mji mdogo wa wakulima jimboni Iowa, likiwa na nakala zipatazo 3,000. Tahariri zake zilihusu uchafuzi wa mito unaotokana na mbolea ya mashambani, pamoja na fedha za siri zilizotolewa na wenye maslahi ya kilimo ili kuzitetea kaunti zilizoshtakiwa. Maji, mashamba, na fedha ambazo hazijulikani zilikotoka: mambo ambayo mtu wa Tumati angeyatambua mara moja. Cullen hakuhitaji mkalimani, na hakuhitaji gari la mradi. Aliandika kwa lugha ya watu ambao angekutana nao dukani kesho yake, na ambao wangeweza kumwambia usoni kuwa amewasingizia. Uwezekano huo wa kusahihishwa na anayenukuliwa ndio unaokosekana pale ambapo gazeti huchapishwa umbali wa mamia ya kilomita na kusomwa na wengine.

Redio, kwa ajabu, iko katika hali nafuu kidogo. Kanuni za utangazaji nchini humtaka mwenye leseni kutumia Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo hata kituo kilichoko Mbulu, kama vile Redio Habari Njema, hakiwezi kuendesha taarifa yake kwa Kiiraqw. Lakini mtangazaji anaporusha kauli ya mzee, sauti yenyewe husikika kwa sekunde chache kabla ya kufunikwa na tafsiri, na msikilizaji wa Tumati hupata nafasi ya kusema, "Hakusema hivyo." Gazeti halimwachii hata sekunde hizo. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80, waandishi wengi walifika Hanang kwa wakati mmoja. Msomaji wa taarifa zao kwa kawaida hakuambiwa mfiwa alilia kwa lugha gani.

Linalopendekezwa hapa ni dogo kuliko linavyoweza kuonekana. Kila kazi inayowasilishwa kwa ajili ya tuzo, ikiwa ina kauli ya mtu aliyesema kwa lugha nyingine isiyo ile iliyochapishwa, iambatanishwe na sauti iliyorekodiwa na ieleze nani alitafsiri. Simu za mkononi zinatosha kwa kazi hiyo. Jopo limpate mtu anayeijua lugha husika, asikilize dakika tano tu zilizochaguliwa bila ya utaratibu, na aulizwe swali moja: je, ndivyo alivyosema? Pale ambapo usalama wa msemaji uko hatarini, sauti ibaki kwa mwenyekiti wa jopo. Aidha, liwepo kundi la habari za mahali, ambamo mwandishi aliyeishi katika wilaya moja kwa miaka mitatu hatashindana na yule aliyefika Alhamisi na kuondoka Ijumaa.

Pingamizi la kwanza litakuwa la kisiasa. Itasemwa kwamba Kiswahili kimewaunganisha Watanzania, na kwamba kuuliza nani alisema kwa lugha gani ni kurudisha ukabila kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo ina historia na si ya kudharauliwa. Lakini hapaombwi gazeti la Kiiraqw, wala kundi la tuzo la kila kabila. Kinachoombwa ni Kiswahili kibebe kile ambacho mtu alikikabidhi. Lugha ya taifa ambayo humfanya kila raia aseme sentensi moja ile ile haijamuunganisha na wenzake. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwandishi wa mkoani hulipwa kwa habari inayochapishwa, na malipo hayo hayatoshi kumlipa mkalimani asiye na maslahi. Hilo ni kweli, na hakuna tuzo itakayolitibu. Walau tuzo inaweza kuacha kumpa mshahara wa sifa yule ambaye mkalimani wake alikuwa mtuhumiwa.

Wasomi wa Kiswahili hawawezi kulitazama jambo hili kama la jirani. Mwaka ule ule wa 2009 ambao EJAT zilianzishwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunganisha iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Chuo hicho hicho kina shule kuu ya uandishi wa habari. Tafsiri hufundishwa upande mmoja na habari upande wa pili, na wanafunzi wa uzamili wa upande wa kwanza bado huandika tasnifu juu ya tafsiri za riwaya na tamthilia, wakati tafsiri inayofanywa kila siku, kwa haraka, juu ya ardhi na maji ya watu wanaoishi, haina anayeichunguza. Mwanafunzi mmoja akichukua makala 20 za Manyara zilizowahi kuwasilishwa kwa ajili ya tuzo, akarudi nazo vijijini na kuzisoma kwa sauti mbele ya watu walionukuliwa, atakuwa na data ya tasnifu nzima.

Atahitaji kamusi. Ile ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling, iliyochapishwa Köln mwaka 2002, ni kazi kubwa na ya kuaminika, na mmoja wa waandishi wake ni msomi wa Dar es Salaam. Inayaeleza maneno ya Kiiraqw kwa Kiingereza. Jaji wa tuzo atakayetaka kuhakikisha kama netlangw ni shetani, katika makala iliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu mzee aliyesema kwa Kiiraqw, itambidi apitie lugha ya tatu kwanza.